Quisling aliiuza Norway kwa bei gani? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Msomaji mmoja anayesomea ualimu Morogoro ameniuliza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kila ninaposoma habari za Vita vya Pili vya Dunia nakutana na jina la Vidkun Quisling wa Norway. Anaitwa msaliti, na habari yake inaishia hapo. Lakini nimesoma pia kwamba alikuwa afisa wa jeshi aliyeongoza masomo, na kwamba aliwahi kuwalisha wenye njaa kule Ukraine. Sasa mtu wa namna hiyo aliwauzia Wajerumani nchi yake kwa bei gani? Na je, ni kweli walimpiga risasi wakati nchi ile haikuwa na adhabu ya kifo?"

Marahaba. Nianze na bei, maana ukiifuata hiyo utapotea njia. Hakukuwa na bei. Ni kweli fedha za Kijerumani zilikifikia chama chake miezi michache kabla ya uvamizi wa 1940, lakini zilimkuta yeye ameshafika, kwa miguu yake mwenyewe. Anayeuza hujua anachouza. Quisling hadi siku ya mwisho aliamini kwamba ameiokoa Norway, na kwamba wenye makosa ni Wanorway kwa kutoliona hilo. Kwa maoni yangu jibu lako limo humo. Alikuwa mnadhimu hodari aliyedhani nchi huendeshwa kama jeshi: mwenye akili apange mezani, waliobaki watii. Tabia hiyo ilimfaa sana alipokuwa akigawa chakula. Alipoingia nayo kwenye siasa ikamwangamiza, na kabla ya hapo ikawaangamiza wengine wengi.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1887 huko Fyresdal, sehemu ya milimani katika Telemark, kusini mwa Norway. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri na mtu aliyependa kuchimba nasaba za koo. Walihamia Drammen, kisha Skien. Mtoto mwenyewe alikuwa kimya, mpole, hodari wa hesabu.

Mwaka 1905 Norway ilijitenga na Sweden na kumwalika mjukuu wa mfalme wa Denmark awe mfalme wake, kwa jina la Haakon VII. Mwaka huohuo Quisling, akiwa na miaka 18, aliingia shule ya kijeshi akiwa wa kwanza katika mtihani wa kuingilia. Akaendelea hadi chuo cha juu cha kijeshi, na alipohitimu alama zake zilipita za mhitimu yeyote tangu chuo hicho kianzishwe 1817. Kwa ufaulu huo alipelekwa mbele ya mfalme kupongezwa. Mfalme huyo tutakutana naye tena.

Novemba 1911 akapangiwa unadhimu, Makao Makuu. Kwa asiyepita jeshini: mnadhimu haongozi kikosi. Kazi yake ni ramani, hesabu ya treni na farasi, idadi ya risasi na mikate, na taarifa kwa mkubwa ambaye ndiye anayeamua. Norway haikuingia Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa hiyo afisa huyu aliyewashinda wote darasani hakuwahi kuongoza askari vitani. Alipewa Urusi aichunguze, akajifunza Kirusi, na mwaka 1918 akapelekwa Petrograd, yaani St. Petersburg ya leo, kuwa mwambata wa kijeshi katika ubalozi mdogo wa Norway. Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, walikuwa na miezi tu madarakani.

Wageni wengi waliokuwa pale waliona fujo. Yeye aliona utawala. Alistaajabia jinsi Wabolsheviki walivyoishika jamii, na jinsi Trotsky alivyoliunda Jeshi Jekundu kutoka kwenye mabaki. Kuhusu serikali ya Kerensky iliyotangulia, alihitimisha kwamba ilijiangusha yenyewe kwa kuwapa watu haki nyingi mno. Baadaye atawachukia Wabolsheviki kuliko kitu chochote duniani, lakini somo la kwamba wachache wenye nidhamu wanaweza kuishika nchi nzima alilisomea kwao, na hakulisahau.

Sasa nije kwenye njaa, ambayo vitabu vingi huiruka. Mwaka 1921 ukame, vita ya wenyewe kwa wenyewe na unyang'anyi wa nafaka vijijini viliiletea Urusi na Ukraine balaa kubwa. Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa Aktiki na Mnorway aliyeheshimiwa kuliko wote wakati ule, aliongoza msaada wa kimataifa, akamtaka Quisling awe mwakilishi wake Kharkov, mji wa Ukraine. Alifika mapema 1922. Kazi ilimtaka mtu wa aina yake hasa: ajue Kirusi, asichoke na makaratasi, aweze kuzungumza na maofisa wa Kisovieti bila kugombana nao na bado mabehewa ya nafaka yafike yanakotakiwa. Taarifa aliyotuma kuhusu Ukraine ilitaja vifo vinavyokaribia elfu kumi kwa siku. Nansen alimsifu sana, na alikuwa na haki ya kumsifu. Wapo watu waliokula wakapona kwa sababu ya kazi ya Quisling. Ukifundisha habari hii usiifiche sehemu hiyo kwa kuogopa kwamba utamsafisha.

Ila angalia alikuwa akifanya kazi gani. Aliwaamulia watu mambo yao akiwa juu yao, na hakuna aliyempigia kura. Kwenye njaa hilo ni sawa, mwenye njaa haulizwi maoni kuhusu ratiba ya treni. Tatizo ni mtu kudhani kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa siku zote.

Wanafunzi watakuuliza kuhusu wake zake, kwa hiyo nilipite haraka. Mwaka 1922 alimwoa Alexandra Voronina, binti wa Kirusi. Mwaka uliofuata, Kharkov hukohuko, akaanza mahusiano na Maria Pasetchnikova, ambaye baadaye alidai amefunga naye ndoa, huku Alexandra hajaenda popote. Alexandra aliachwa Ufaransa, na Maria ndiye aliyejulikana Norway kama Bi. Quisling. Aliishi Oslo hadi alipofariki 1980.

Mwaka 1925 alikwenda na Nansen Armenia kutafuta namna ya kuwapatia makazi wakimbizi wa Kiarmenia, mpango ambao haukupata fedha ulizohitaji. Kisha alikuwa Moscow, na Uingereza ilipovunja uhusiano na Umoja wa Kisovieti 1927, Norway ikaombwa iangalie maslahi ya Waingereza, na kazi hiyo ikamwangukia yeye. Waingereza walimshukuru kwa nishani. Walimnyang'anya 1940.

Alirudi nyumbani mwishoni mwa 1929, na hapa ndipo afisa anapogeuka mwanasiasa. Angegeukia upande wowote. Katikati ya miaka ya 1920 alikuwa amevijongelea vyama vya mrengo wa kushoto akiwapa utaalamu wake wa kijeshi, wakamtilia shaka wakamwacha. Sasa akaja na maneno ya upande wa pili. Nansen alifariki Mei 1930, na kabla mwezi haujaisha Quisling alikuwa ameandika gazetini makala ya kisiasa kwa kisingizio cha kumkumbuka marehemu: Norway inahitaji serikali yenye nguvu, na izingatie zaidi damu na rangi ya watu wake. Akafuatisha kitabu kuhusu Urusi, chenye onyo kali dhidi ya ukomunisti. Wenye mali na wakulima wakubwa walioogopa mapinduzi waliona wamempata mtu wao. Meja aliyeishi Urusi, aliyekuwa mkono wa kulia wa Nansen! Mei 1931 chama cha wakulima kilipounda serikali chini ya Peder Kolstad, Quisling akawa Waziri wa Ulinzi ingawa hakuwa mtu wa chama hicho.

Uwaziri wake ulikuwa balaa tangu mwanzo. Wiki chache tu, Juni 1931, wafanyakazi waliofungiwa kazi walipambana na polisi huko Menstad, kwenye mali ya kampuni ya Norsk Hydro, karibu na Skien alikokulia. Serikali ikapeleka askari na meli za kivita. Hakuna aliyeuawa, lakini wafanyakazi hawakumsahau waziri aliyehusika. Februari 1932 akasema amevamiwa wizarani na mtu aliyemrushia pilipili machoni na kumpiga. Mvamizi hakupatikana, na magazeti ya wapinzani yakacheka hadi yakachoka. Aprili akasimama bungeni akavishutumu vyama vya wafanyakazi kwamba vinapokea fedha kutoka nje na kupanga uasi. Ushahidi aliokuwa nao haukutosha kwa tuhuma nzito kiasi hicho. Upande mmoja wa nchi ukamwona shujaa. Upande wa pili ukamwona hatari. Mawaziri wenzake walimwona mzigo, na waziri mkuu mpya, Jens Hundseid, alishindwa kufanya naye kazi.

Serikali ilianguka Machi 1933. Tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba ambayo Wanorway huiadhimisha kwa bendera na maandamano ya watoto, Quisling na wenzake wakaanzisha chama cha Nasjonal Samling, yaani Umoja wa Taifa, kikiwa na kiongozi mmoja asiyepingwa na vijana wa sare. Ujerumani Hitler alikuwa na miezi minne madarakani, na mtindo huo ulikuwa umeshika Ulaya. Mwenzake mkubwa alikuwa mwanasheria Johan Bernhard Hjort.

Uchaguzi wa 1933 walipata kama asilimia mbili ya kura. Uchaguzi wa 1936 wakapungukiwa hata hizo kidogo. Kiti bungeni, hakuna hata kimoja. Mtu wa siasa anaposhindwa namna hiyo hujiuliza amekosea wapi. Quisling hakujiuliza, bali aliona kwamba wapiga kura ndio waliokosea. Wenzake walianza kuondoka, Hjort mwenyewe akatoka 1937. Huyu Hjort anastahili sentensi moja ya pembeni: wakati wa vita alikamatwa na Wajerumani, akawekwa kizuizini Ujerumani, na akiwa huko akasaidia kukusanya taarifa za wafungwa wa Kinorway zilizosaidia wengi kuokolewa mwaka 1945. Watu wawili walianzisha chama kimoja, na kumbe njia nyingine bado zilikuwepo.

Kufikia 1939 Quisling alikuwa mwenyekiti wa chama kilichobaki jina. Hapo akakutana na Wajerumani wawili waliomtaka kwa sababu mbalimbali. Alfred Rosenberg, mwanaitikadi wa chama cha Hitler, alipenda itikadi yake. Admirali Erich Raeder, mkuu wa jeshi la majini, alitamani bandari za Norway, na alijua kwamba chuma cha Sweden kinachoilisha Ujerumani hupitia Narvik wakati wa baridi. Wakampeleka Berlin. Tarehe 14 na 18 Desemba 1939 alizungumza na Hitler ana kwa ana, akamweleza kwamba Uingereza iko mbioni kuikalia Norway na kwamba yeye anao watu wa kutwaa serikali. Watu hao hawakuwepo. Hitler alimwambia angependa Norway ibaki kando ya vita, lakini mara baada ya hapo akaagiza uvamizi uanze kufanyiwa uchunguzi.

Usiwaambie wanafunzi kwamba bila Quisling Norway isingevamiwa. Chuma kilikuwepo, bandari zilikuwepo, na Waingereza nao walikuwa na mipango yao. Lakini mwanzoni mwa Aprili 1940 alikutana Copenhagen na afisa wa ujasusi wa jeshi la Ujerumani, Kanali Hans Piekenbrock, akajibu maswali yake kuhusu ulinzi wa nchi. Meja wa jeshi la Norway, aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi, siku chache kabla ya kushambuliwa. Hapo hakuna la kujadili. Tena Wajerumani wenyewe hawakumwambia tarehe.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili meli za kivita za Kijerumani ziliingia kwenye ghuba ya kuelekea Oslo. Mpango wao ulikuwa kumkamata mfalme, serikali na bunge kabla ya chai ya asubuhi. Kwenye ngome ya zamani ya Oscarsborg, Kanali Birger Eriksen, mzee aliyekaribia kustaafu, bila amri kutoka juu, aliamuru mizinga yake ifyatue. Mizinga hiyo ilikuwa ya karne ya 19, na ilitengenezwa na kiwanda cha Krupp cha Ujerumani. Manowari ya Blücher iliwaka, ikapigwa na torpido, ikazama na watu waliokuwa waje kuitawala Oslo. Saa hizo chache zilitosha. Mfalme, mawaziri na wabunge wakapanda treni kwenda kaskazini, Hamar, kisha Elverum. Dhahabu ya benki kuu nayo ikatolewa Oslo.

Oslo ikawa haina serikali, na Quisling akaona zamu yake imefika. Jioni ya siku hiyo, saa moja na nusu hivi, alikwenda kituo cha redio akatangaza kwamba serikali imekimbia, kwamba yeye ndiye waziri mkuu, na kwamba kupigana kukome. Ndipo akasoma majina ya mawaziri wake. Baadhi yao hawakuwa wameulizwa. Waliposikia wakakataa.

Ukitaka kumwelewa mtu huyu katika tukio moja, lichukue hili. Alikuwa na kipaza sauti, orodha ya mawaziri na amri za kutoa. Askari hakuwa nao. Alimwamuru Kanali Hiorth, mkuu wa kikosi cha Elverum, aikamate serikali halali. Hiorth akakataa. Amri iliyotolewa na afisa aliyehitimu vizuri kuliko wote haikuweza kumsogeza kanali mmoja wa mkoani. Tarehe 10 mjumbe wa Ujerumani, Curt Bräuer, alimfuata Mfalme Haakon Elverum akimtaka amkubali Quisling. Mfalme aliwaeleza mawaziri wake kwamba uamuzi ni wao, lakini yeye hawezi kumteua mtu ambaye wananchi na bunge hawamwamini. Wao wakiona lazima, yeye atakiacha kiti. Mawaziri wakasimama naye. Kesho yake ndege za Kijerumani zikaipiga mabomu Nybergsund walipokuwa wamejificha. Wanorway walipigana wakirudi nyuma hadi Juni, kisha mfalme na serikali wakavuka kwenda Uingereza.

Na Quisling? Wajerumani walimwondoa baada ya siku sita. Waligundua kwamba jina lake lilikuwa likiwaamsha Wanorway kupigana badala ya kuwatuliza. Kabla Aprili haijaisha gazeti la The Times la London lilikuwa limeshaanza kulitumia jina hilo kwa vibaraka wa nchi zote. Hitler akamleta Josef Terboven awe mtawala, mtu katili ambaye yeye na Quisling hawakupendana hata kidogo. Septemba 1940 vyama vyote vikafutwa isipokuwa Nasjonal Samling, na tarehe 1 Februari 1942, kwa sherehe kwenye ngome ya Akershus, Quisling akafanywa Waziri-Rais. Alihamia jumba kubwa la Bygdøy, Oslo, akaliita Gimle. Madaraka ya mwisho yalibaki kwa Terboven. Lakini usikubali hoja kwamba alikuwa pambo tu, kwa sababu alipopewa nafasi aliitumia.

Alianza na watu wa kada yako. Februari 1942 alitoa sheria mbili: walimu wote waingie kwenye chama kipya kimoja chini ya mkuu wa vijana wake wa sare, na watoto wote waingie kwenye jumuiya ya vijana ya chama. Ndoto yake ilikuwa kujenga vyama vya lazima vya kila kazi, kisha avikusanye viwe bunge jipya. Mchoro ulikuwa mzuri, mezani. Walimu walipokea kwa siri maneno mafupi ya kukataa, na kila mmoja akayaandika, akatia saini yake na kuyatuma kwa jina lake. Walio wengi nchini walifanya hivyo. Wazazi wakamiminia wizara barua. Maaskofu wa kanisa la Kilutheri walikuwa wameshajiuzulu ofisi zao za serikali. Shule zilifungwa kwa mwezi mzima, eti hakuna kuni za kupasha moto madarasa, na kwa mzaha watu wakaanza kupeleka kuni.

Wakakamatwa walimu wanaume kama 1,100. Waliteswa kambini kwa mazoezi ya theluji na njaa ili waondoe majina yao. Wapatao 500 walipakiwa kwenye meli ya Skjerstad iliyojaa kupita uwezo wake, wakapelekwa Kirkenes, kaskazini kabisa, kufanya kazi ngumu pamoja na wafungwa wa Kisovieti. Mishahara yao iliposimama, familia zilichangiwa kwa siri. Mei 1942 Quisling alikwenda mwenyewe kwenye shule ya Stabekk, akawafokea walimu kwamba wao ndio waliomharibia kila kitu, akaamuru wakamatwe. Alikuwa anasema kweli. Mpango wa bunge la vyama vya kazi ulikufa, na kufikia Novemba walimu wa Kirkenes walikuwa wamerudishwa makwao.

Wayahudi hawakuwa na idadi ya kuwakinga. Nchi nzima walikuwa kama 2,100. Machi 1942 Quisling alirudisha kwenye katiba kifungu cha 1814 kilichowazuia Wayahudi kuingia Norway, kifungu kilichokuwa kimefutwa 1851. Oktoba wanaume wakakamatwa na mali zikataifishwa kwa sheria ya serikali yake. Usiku wa kuamkia 26 Novemba polisi wa Kinorway, wakitumia hata teksi, waliwakusanya wanawake, watoto na wazee hadi bandarini Oslo, na meli ya Donau ikaondoka na watu 529. Safari yao iliishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani. Jumla ya waliopelekwa ilipita 770, na waliorudi hai hawafiki 40. Wengine walivushwa na majirani msituni hadi Sweden. Amri ilikuwa ya Wajerumani, lakini aliyegonga mlango alizungumza Kinorway.

Nikutajie na Gunnar Eilifsen, maana bila yeye huwezi kujibu swali lako la pili. Alikuwa afisa wa polisi Oslo. Agosti 1943 aliwaunga mkono polisi waliokataa kuwakamata wasichana wasioripoti kwenye kazi za lazima. Hakukuwa na sheria ya kumwua kwa kosa hilo. Ikatungwa haraka, ikafanywa ihesabiwe kuanzia nyuma, Quisling akakataa kumsamehe, na Eilifsen akapigwa risasi.

Tarehe 8 Mei 1945, Ujerumani iliposalimu amri, Terboven alijilipua. Asubuhi ya tarehe 9 Quisling alijisalimisha kituo cha polisi cha Møllergata 19 akitarajia kutendewa kama kiongozi wa nchi. Akawekwa mahabusu. Kesi ilianza 20 Agosti Oslo, kwenye jengo la Wamasoni, mbele ya jopo lililoongozwa na Jaji Erik Solem. Mwendesha mashtaka alikuwa Annæus Schjødt, na mtetezi Henrik Bergh, wakili aliyefanya kazi yake kwa uaminifu. Mashtaka yalikuwa uhaini, kujaribu kuipindua katiba, mauaji, likiwemo la Eilifsen, pamoja na wizi. Quisling alikana kwamba alimwita Hitler. Lakini karatasi za Rosenberg zilizokamatwa Ujerumani zililetwa mahakamani, zikaeleza mikutano ya Desemba 1939. Alijitetea kwa saa nyingi, akijieleza kama mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya taifa lake. Tarehe 10 Septemba akahukumiwa kifo, na Oktoba Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake.

Sasa sheria. Uliyosoma ni nusu ya ukweli. Kanuni ya adhabu ya 1902 iliondoa kifo kwenye makosa ya raia, na mtu wa mwisho kuuawa kwa hukumu alikuwa amekatwa kichwa 1876. Ila sheria ya jeshi iliibakiza adhabu hiyo kwa uhaini wakati wa vita. Utata ulikuwa kama inaweza kutekelezwa vita vikishakwisha. Serikali iliyokuwa uhamishoni London ilitoa amri mwaka 1941 kwamba inaweza. Wapo waliouliza, na swali ni la haki, kama serikali isiyo na bunge ina uwezo wa kutunga jambo zito hivyo. Mahakama ya Juu ilisema ndiyo, kwa mamlaka ambayo bunge liliikabidhi serikali kule Elverum tarehe 9 Aprili 1940, siku ileile ya tangazo la redio. Kwa watuhumiwa wengine ubishi huo una uzito wake. Kwa Quisling nauona mwepesi: alikuwa afisa, alilijua kosa lake kwenye sheria ya jeshi lake, na malalamiko ya sheria ya kurudi nyuma hayamkai vizuri aliyesaini ya Eilifsen. Mfalme hakutoa msamaha. Quisling alipigwa risasi Akershus, usiku wa 24 Oktoba 1945, akiwa na miaka 58.

Jumla waliuawa kwa hukumu za baada ya vita Wanorway 25 na Wajerumani 12. Wa mwisho, Agosti 1948, alikuwa Ragnar Skancke, waziri wake wa kanisa na elimu, profesa wa umeme ambaye watu wengi, hata miongoni mwa waliomchukia, waliona kosa lake halikufikia hapo. Hiyo ndiyo kesi ya kuwapa wanafunzi kama unataka wabishane kuhusu haki. Adhabu ya kifo ilifutwa kabisa Norway, hata jeshini, mwaka 1979.